Siku Niliyoipungia Ndege ya Otim

Jamani, hili ninalotaka kuwasimulia nimelificha miaka mingi, na wengi waliolishuhudia wameshatangulia, ila Nalongo bado yupo na mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, kwa hiyo heri mlisikie kwangu mwenyewe kabla hajawapa la kwake lililotiwa chumvi. Ni aibu yangu. Niliishona kwa mikono yangu, nikaivaa, nikatembea nayo barabarani nikijiona malkia, na mpaka leo nikikuta kitambaa cha rangi ya machungwa dukani nageuza uso na kujifanya natafuta vifungo.

Nilikuwa fundi cherehani. Nilitoka kwetu Bungoma nikiwa msichana mwembamba (msicheke, nilikuwa mwembamba), nikamfuata shangazi yangu aliyekuwa na duka dogo Kampala, na mambo ya nchi yalipoanza kuharibika shangazi akafunga duka akarudi Kenya, mimi nikakataa, nikaihamishia cherehani yangu kwenye baraza ya Nalongo kule Kasubi. Nalongo alikuwa mwenye nyumba wangu, Muganda, mama wa mapacha kama jina lenyewe linavyosema, mwanamke mnene mwenye huruma nyingi na siri chache. Shangazi alinililia sana siku ya kuondoka. Akaniuliza, unabakia nini hapa, mwanangu, sukari hakuna, sabuni hakuna, watu wanachukuliwa mchana kweupe? Nikamwambia nabakia na cherehani yangu. Uongo mtupu, nilibakia na Otim.

Otim alikuwa dresa, yaani yule wa hospitali anayefunga vidonda, mtu wa kaskazini, mrefu, mpole, mwenye harufu ya dawa ya vidonda ambayo wengine waliikimbia na mimi niliifuata. Alikuja mara ya kwanza kupunguza mikono ya koti lake jeupe, halafu akarudi kwa ajili ya kifungo, halafu akarudi tena kwa kifungo kilekile, nikajua huyu hana shida ya kifungo. Kilugha chake sikukijua na changu hakukijua, kwa hiyo mapenzi yetu yote tuliyafanya kwa Kiswahili, changu cha Kenya na chake cha kuombea maji. Alikuwa na tabia moja. Akinunua karanga za kukaanga alizisugua kiganjani, akapuliza maganda yakaruka, kisha kiganja cha kwanza alinipa mimi, kila mara, hata siku tulizokuwa tumenuniana. Nimeolewa baadaye na mume mwema, Mungu amrehemu, lakini hakuna aliyewahi kunipulizia karanga tena, na sikumwomba mtu, kwa sababu kitu kama hicho hakiombwi.

Sasa, miaka ile kuwa mtu wa kaskazini wa kabila la Otim mjini Kampala ilikuwa hatari. Jina tu kwenye kizuizi cha barabarani lingeweza kukufanya usionekane tena. Kwa hiyo alipohamishiwa zahanati moja huko kwao yeye alishusha pumzi, nami nikajifanya nimeshusha. Barabara ya kaskazini ilijaa vizuizi, hakuthubutu kupanda basi la abiria. Kilichobaki kutuunganisha kilikuwa ndege.

Msifikiri ndege kubwa. Huko mbele ya Kasubi, ukishika njia ya Hoima kisha ukakata kwenye udongo, kulikuwa na kijiji kinaitwa Namulonda, na kijiji hicho kilikuwa na kiwanja cha ndege cha wilaya, si cha jeshi: majani yaliyofyekwa, kibanda cha mabati, na mlingoti wenye lile fuko refu la kuonyesha upepo unatoka wapi. Entebbe ilikuwa ya wanajeshi, kwa hiyo kandege ka zahanati za kaskazini kalitua Namulonda siku za Ijumaa kuchukua maboksi ya dawa. Wanakijiji nao walikageuza soko. Kalileta asali, simsim na samaki wakavu, kakaondoka na ndizi na kuku, na wanawake wa pale walikapenda kuliko waume zao. Otim alikuja nako mara mojamoja, akasimama nami nyuma ya kibanda muda wa kupakia maboksi, basi, karanga kiganja kimoja, na ndege ikanguruma.

Mlinzi wa kiwanja, aliyefyeka majani, kufukuza ng'ombe na kupandisha fuko, alikuwa Mzee Sekitto. Alivaa kofia ya wilaya hata akienda kuoga mtoni. Yeye ndiye aliyenifikishia salamu za Otim kwa mdomo, na kila salamu aliitoa amesimama wima kama anasoma habari redioni.

Siku moja Sekitto akaja barazani na bunda la kitambaa begani. Kitambaa kizito, rangi ya machungwa, kinang'aa mpaka macho yanauma. Nalongo aliacha kumenya ndizi.

"Nyabo Nekesa," akasema Sekitto, na nyabo kwao ni bibi, "selikali ya wilaya inataka soksi ya upepo mpya. Ile ya zamani jua imekula. Na bendela mbili za mukono, za kupungia ndege. Kazi ya halaka."

Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza. Bendera za kupungia ndege, za nini, mzee? Swali dogo hivyo. Lakini nani angeuliza miaka ile? Kila mkubwa alipopita barabarani tulitolewa madukani na watoto wakatolewa madarasani, tukapangwa kandokando, tukapewa vibendera, tukapunga mpaka mabega yakawaka moto, na asiyepunga aliangaliwa na watu wenye miwani myeusi. Nchi nzima tulijua bendera ina maana moja tu: karibu, karibu sana, tumefurahi kupita kiasi.

Nikashona fuko, nikashona bendera, na kitambaa kikabaki, tena si kidogo. Na kama mjuavyo, desturi ya mafundi wa Kampala ni kwamba mabaki ni ya fundi, hata Sekitto mwenyewe alisema, "Hiyo imebaki ni yako, nyabo, nyama ya mupishi." Wakati ule kitambaa kilikuwa adimu, watu wakishona magauni kwa mapazia na mifuko ya unga. Nikakiweka chini ya kitanda bila mpango wowote.

Halafu Sekitto akaja na salamu. Akavua kofia, na hapo nikajua ni salamu kubwa.

"Otim anasema hivi. Ijumaa hii anakuja. Uwe na sanduku yako tayali. Mama yake anataka kukuona. Mutaludi pamoja na ndege." Akavaa kofia. "Amesema pia, mwambie sitaki tena kusimama nyuma ya kibanda kama mwizi."

Mimi nililia, Nalongo akalia, hata Sekitto alijipangusa uso akasingizia jasho. Naenda kuolewa! Na nitavaa nini mbele ya mama mkwe? Nikavuta kile kitambaa chini ya kitanda.

Huo ndio uamuzi wangu mdogo, gauni tu. Nikashona refu mpaka kwenye vifundo (kwa sababu serikali ilikuwa imepiga marufuku nguo fupi, magoti ya mwanamke yalikuwa mali ya taifa), mikono ya kuvimba, mkanda kiunoni, na kipande cha mwisho nikakifanya kilemba. Nilishona mbiombio, mshono mmoja mahali panapotaka miwili, nikijiambia Otim hatatazama mishono. Nalongo aliponiona akapiga makofi. "Banange! Leo hata kipofu atakuona!"

Angejua.

Ijumaa tukaenda Namulonda, mimi mbele na gauni langu, Nalongo nyuma na sanduku langu kichwani, maana alikataa nilibebe, bibi harusi habebi. Wanakijiji walikuwa wameshajaa na ndizi zao na vibuyu vya kununulia asali. Fuko langu lilikuwa juu ya mlingoti, limevimba vizuri, nikaona fahari. Kitu kimoja tu hakikuwa cha kawaida: karibu na kibanda kulikuwa na gari la jeshi na askari wachache, na koplo mmoja mwenye tumbo amekaa kwenye kiti cha Sekitto. Sekitto akaninong'oneza nisiogope, hawakuja kumtafuta mtu, wamekuja kuchukua debe la asali la mkubwa wao ambalo rubani ameagizwa.

Basi nikatulia, nikakaa juu ya sanduku, nikatazama kaskazini. Nawaambieni, sijawahi kulitazama anga vile tena. Kila ndege wa manyoya aliyepita nilisimama. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwamkia mama yake, Otim alikuwa amenifundisha, nikayarudia kimoyomoyo mpaka yakapoteza ladha. Nilifikiri juu ya nyumba ambayo sijaiona, na moto wa jikoni ambao sijaukoka, nikaupenda moto huo.

Kisha mlio ukaja, na nukta, na nukta ikaota mabawa. Wanawake wakapiga vigelegele. Ndege ikazunguka mara moja juu yetu kama desturi yake, ili rubani aangalie fuko, na mimi nikamtazama Sekitto nikaona amesimama kando ya kiwanja na zile bendera mbili zimekunjwa kwapani! Hapungi! Nikasema moyoni, mzee huyu vipi, mgeni wangu anakuja na yeye amekunja bendera kama mwavuli? Kama hutaki kumkaribisha, nitamkaribisha mwenyewe.

Nikavua kilemba. Nikakimbia mpaka ukingoni mwa kiwanja, ndege inashuka, inashuka, nikakiinua kilemba kwa mikono miwili nikapunga. Nikapunga kwa nguvu zote za miezi yote ile ya salamu za mdomo. Gauni likavuma na upepo. Nikamwona! Ilishuka chini kiasi hicho, nikauona uso wake dirishani nyuma ya rubani, mkono wake umegusa kioo, nikapiga kelele "Otim! Otim!" na kuruka juu kama mtoto, na nyuma yangu nikasikia Sekitto naye anapiga kelele, sikujali anasema nini.

Ndege ikanguruma, ikainua pua, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikapinda. Nikajua inazunguka tena. Haikuzunguka. Ilinyoosha kuelekea ilikotoka, ikawa nukta, na nukta ikafutika.

Sekitto akafika akihema, kofia imemwanguka.

"Nyabo, umefanya nini? Hiyo langi! Tunapunga hiyo langi kama ng'ombe iko kwa kiwanja! Kama kuna hatali! Maana yake usitue, luka, ludi kwenu!"

Nikamtazama. Nikayatazama mavazi yangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekivaa kuanzia kichwani mpaka vifundoni.

Wanakijiji walipoelewa, waliovunjika moyo kwa ajili ya asali na simsim walianza kunung'unika, wengine wakacheka, na mwanamke mmoja mwenye mikungu mitatu ya ndizi akaniita majina ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto. Lakini wa kuogopwa alikuwa koplo. Alinyanyuka kwenye kiti akaja polepole.

"Wewe mama! Kuja hapa! Nani nakupa ruhusa ya kufukuza ndege? Asali ya afande iko wapi?"

"Afande, sikuifukuza, nilikuwa naikaribisha."

"Unakaribisha na inakimbia? Wewe mchawi?"

Watu wakacheka, na hicho kicheko kilimharibu zaidi. Akaninyooshea kidole kuelekea katikati ya kiwanja.

"Simama pale. Ita ndege. Pungia tena mpaka irudi!"

Sekitto akajaribu, maskini, akapiga saluti, "Afande, akipunga hiyo ndiyo inafukuza zaidi," akaambiwa anyamaze au akapunge naye. Basi nikasimama katikati ya majani, mbele ya kijiji kizima, nikapunga kilemba kwa anga tupu. Na mtacheka, lakini nilipunga kwa moyo. Askari mwenye bunduki alikuwa ananilazimisha kufanya kile ambacho mwenyewe nilitaka kuliko kitu chochote duniani. Rudi, nikasema. Rudi, Otim, niko hapa, sanduku liko tayari. Nikapunga na machozi yananitiririka mpaka shingoni.

Hapo ndipo mshono wangu mmoja ukasalimu amri. Chwaaa! Kutoka kwapani mpaka kiunoni, na upepo (ambao fuko langu lilikuwa linauonyesha kwa ustadi mkubwa) ukaingia ndani ukalipeperusha gauni lote upande mmoja, ikaonekana shumizi yangu niliyoishona kwa mfuko wa unga, na maandishi ya kiwanda cha unga yakiwa yananikaa sawasawa kwenye nyonga. Kijiji kilianguka chini kwa kicheko. Askari walishikana mabega. Koplo mwenyewe alijaribu kukaza uso, uso ukamshinda, akainama akashika magoti. Mganga hajigangi, na fundi wa Kasubi naye hajishonei.

Kicheko hicho ndicho kilichotuokoa. Mtu akishacheka vile ni vigumu kukupeleka kambini. Alijifuta macho akasema, "Nenda shona nguo yako, mama ya unga," akaninyang'anya kilemba akakifutia kioo cha gari, wakaondoka. Nalongo alinifunga shuka lake kiunoni, akabeba sanduku langu kichwani tena, tukarudi Kasubi kwa mguu.

Jina la Mama Unga lilinishika mtaa mzima, wateja wakaja kushona ili tu wanione, nikawa nacheka nao. Lakini Ijumaa iliyofuata nilikuwa Namulonda tangu asubuhi, nimevaa khaki, mikono nimeificha nyuma. Ndege haikuja. Iliyofuata pia haikuja. Nikaenda tena na tena. Tukasikia kiwanja kimefungwa kwa amri, Sekitto akaondolewa kazini akabaki na kofia, majani yakarefuka, ng'ombe waliokuwa wakifukuzwa wakaja wakalala pale pale katikati. Fuko langu lilibaki mlingotini. Nililikuta kila nilipokwenda, limepauka, likielekea huku na huku, likimwonyesha upepo mtu asiyekuja.

Nilimkasirikia Otim, nisiwafiche. Nilisema, mwanaume gani huyu anafukuzwa na kitambaa? Si angemwambia rubani, yule ni Nekesa wangu, ananisalimia tu? Si ananijua? Hasira hiyo ndiyo iliyonisaidia kuolewa na mtu mwingine.

Miaka ikapita, yule Mkubwa aliyeitawala nchi akaondolewa kwa vita, na siku moja mwanamke mrefu akaja barazani kutafuta fundi. Alinitazama sana. Akauliza, "Wewe ndiye Nekesa ya nguo ya machungwa?" Nikataka kukana, nikifikiri ni mzaha uleule wa mtaani, lakini alikuwa na pua ya Otim. Aliitwa Akello, dada yake.

Akakaa kwenye kigoda changu akanishika mikono yote miwili. Akanieleza kwamba wiki ileile ya Ijumaa yangu askari walikuwa wameingia kwenye zahanati yao wakachukua wawili, hawakurudi, na Otim alipanda ndege akiwa hajui kama anakuja kunichukua au anakuja kukamatwa. Rubani aliposhusha ndege wakaliona gari la jeshi. Otim akasema labda si kitu. Kisha akaniona mimi, nimevaa hatari mwili mzima, nimekimbia mbele ya askari wenye bunduki, napunga usitue, usitue, nalia jina lake. Akamwambia rubani, geuza, yule mwanamke anajiua kwa ajili yangu. Walipofika kwao hakulala hata usiku mmoja, akavuka mpaka kuingia Sudani, na huko yuko hai mpaka leo. Ana mke na watoto.

"Yeye anasema bila wewe yeye ni maiti," akasema Akello. "Mtoto yake ya kwanza anaitwa Nekesa. Otim anauliza kila mwaka, walikufanya nini siku ile? Walikuua? Mimi nitamwambia uko mzima. Na mimi nilitumwa kusema asante."

Cherehani ilikuwa mbele yangu na uzi umekatika, nikautia uzi kwenye sindano, ukakataa, nikautia tena. Nilitaka kumwambia kweli. Nilitaka kumwambia kwamba askari walikuja kuchukua asali, kwamba mimi si shujaa, mimi ni msichana mjinga aliyeshona gauni. Lakini kuna mtoto huko Sudani anaitwa jina langu, na wale wawili wa zahanati hawakurudi, na nani ajuaye koplo yule angefanya nini akisikia jina la Otim. Nikasema tu, "Mwambie nimepokea." Nikamshonea gauni lake, mishono miwiliwili kila mahali.

Ndiyo maana siku hizi wajukuu wangu wakija na ndege Entebbe, wananiona nimesimama nimekumbatia pochi kwa mikono miwili, na wenzangu wote wanapunga, na mtoto mmoja ananiuliza, bibi, kwani hukufurahi kutuona? Nafurahi, mwanangu, nafurahi mpaka naumwa. Ila mimi nilishampungia mtu mmoja kumwambia njoo, na anaishi mpaka leo akinishukuru kwa kumwambia nenda.